Jumamosi Sita Kabla ya Chaki

Kazi yangu ni kurekebisha mizani. Karakana iko Kitale, nyuma ya maduka ya mbegu na mbolea, na wateja wangu wengi ni wenye maghala ya mahindi. Ijumaa jioni hushuka Bungoma, nikalala huko, na Jumamosi huzungukia wateja wa upande ule. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwa utaratibu ambao watu wa nyumbani kwangu huuona wa kuchosha: kila somo na daftari lake, kila neno jipya na mstari wake, maana chini yake, na chini ya maana mfano mmoja nilioushuhudia mimi mwenyewe. Neno lisilo na mfano huliwekea alama ya kuuliza pembeni.

Neno ninalolieleza hapa lilikaa na alama hiyo kwa miaka minne.

Nililikuta juu ya mizani. Karibu na msikiti, hapo Kitale, kuna mzee anayenunua karatasi chakavu kwa kilo. Zamani alikuwa akizipeleka Webuye, wakati kiwanda cha karatasi kilipokuwa kikizihitaji; siku hizi huwauzia watengenezaji wa trei za mayai. Aliniita kwa sababu mizani yake ilikuwa haikubali kurudi kwenye sufuri. Nilipomaliza, akatupia mzigo wa vitabu juu yake ili aone. Kitabu cha juu hakikuwa na jalada. Kilikuwa cha Kiingereza, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari chenye neno moja refu ambalo sikuwahi kuliona. Kwa tahajia yetu ningeliandika propedeutiki.

Nilikinunua kwa uzito wake. Nyumbani nilikisoma mara tatu. Neno lenyewe limetoka kwa Wayunani wa kale. Sehemu yake ya mbele ni "kabla" na sehemu ya nyuma inahusu kulea na kufundisha mtoto. Wasomi hulitumia kwa mafunzo yanayomtayarisha mtu kwa mafunzo mengine: hesabu kabla ya fizikia, kanuni za kufikiri kabla ya falsafa. Nilijitahidi kulitenganisha na majirani zake. Si utangulizi, kwa sababu utangulizi hutangulia kitabu, na hii hutangulia msomaji. Si msingi pia. Msingi hubaki chini ya nyumba siku zote, lakini propedeutiki ikishafanya kazi yake huachwa nyuma. Hayo yote niliyaandika. Mfano sikuwa nao.

Niliporudi kwa yule mzee wiki iliyofuata, aliniuliza kama kile kitabu kilikuwa na faida.

"Kina neno moja," nikamwambia. "Maana yake ni mafunzo ya kabla ya mafunzo."

Akacheka. "Sasa hilo ndilo umelipia? Sisi tunalo bure. Alifu kwa ujiti."

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Ngoja nikwambie. Siku ya kwanza chuoni, maalimu hakunipa hata ubao. Aliniambia, 'Soma Alhamdu.' Nikaisoma yote. Nilikuwa naisikia kwa mama kila siku. Akasema, 'Wewe umeshaanza, nenda kaa mstari wa pili.' Wenzangu walinichukia mwezi mzima!"

Niliandika kwenye daftari: alifu kwa ujiti, herufi ya kwanza kwenye chuo cha Kurani. Habari ya mstari wa pili sikuiandika. Niliiona kuwa kumbukumbu ya mzee, wala si sehemu ya maana.

Dada yangu ananizidi miaka tisa. Hakusoma. Zamu yake ya kwenda shule ilipofika, nyumbani kulikuwa na wadogo wa kulelewa, nami nilikuwa mmoja wao. Aliolewa upande wa Cheptais, huko huko Bungoma, kwenye mteremko wa mlima, na hadi leo ana shamba la kahawa lisilo kubwa na meza ya maharagwe sokoni. Mumewe alifariki zamani.

Mwaka jana, miezi miwili kabla ya mavuno makubwa, wakulima wanaopeleka kahawa kwenye kiwanda cha kule kwao walifanya mkutano. Lalamiko lilikuwa la siku nyingi: mizani imening'inizwa pembeni, uso wake umemwelekea karani, na mwenye kahawa haoni mshale. Hakuna aliyesema karani ni mwizi. Walisema tu kwamba hawaoni. Ikakubaliwa kuwe na mwangalizi atakayechaguliwa na wakulima wenyewe. Angesimama mbele ya mizani, asome uzito, auandike kwa chaki kwenye ubao mkubwa ambao hata walio mwisho wa foleni wangeuona. Wanawake wakamtaja dada yangu. Wanaume wakamtaja dereva mmoja mstaafu. Mwenyekiti akasema wote wawili watajaribiwa siku moja kabla ya mavuno kufunguliwa: magunia kumi, atakayeyaandika yote sawasawa achukue msimu, wote wakiweza, kura ipigwe.

Alinipigia simu jioni ile ile.

"Fundi, wewe si ndiye mtu wa mizani?"

"Ndiye."

"Basi nifundishe. Wale wamama wameniweka mbele. Nikianguka hapo, nimeanguka na wao, na hakuna mwanamke atatajwa tena."

Nilimwambia nitamfundisha vizuri, kuanzia mwanzo kabisa.

"Huo mwanzo uko mbali?"

"Hauko mbali."

Tulikuwa na Jumamosi tisa. Nilikaa na daftari langu nikazigawa. Lazima niseme ukweli kwamba nilifurahi. Alama yangu ya kuuliza ingeondoka. Niliona kwamba mtu asiyesoma hawezi kupewa tarakimu tu, kama mtu anayepewa ufunguo wa nyumba asiyoijua. Kwanza aelewe uzito ni nini. Kisha aone kwamba ukubwa na uzito ni vitu viwili. Kisha kulinganisha, kisha kipimo, kisha sufuri. Chaki ingekuja mwisho, ikimkuta yuko tayari.

Jumamosi ya kwanza tuliketi kibarazani kwake. Nilikuwa nimebeba jiwe na kipande cha sponji kilichotoka kwenye godoro. Nikampa ashike kimoja kila mkono.

"Kipi kizito?"

Aliniangalia. "Jiwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni jiwe. Fundi, hata mtoto anajua."

"Kujua si sawa na kueleza."

"Sawa," akasema, na akaniachia niendelee.

Alisema "sawa" mara nyingi katika wiki zile. Jumamosi ya tatu nilileta mizani ya sahani mbili, ile ya zamani ninayoitunza karakana, na tukapima maharagwe dhidi ya mawe, mawe dhidi ya maji. Alifanya kila nilichomwambia bila kukosea. Niliandika: maendeleo mazuri. Ya nne ilikuwa ya kipimo, na ya tano sufuri. Niliipenda sana ile ya sufuri. Nilieleza kwa saa nzima kwa nini mizani tupu lazima iseme hakuna kitu, na yeye alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, akiitikia kwa kichwa panapofaa.

Jirani mmoja, mama mwenye sauti, alikuwa akipita na ndoo.

"Mama, bado mnacheza na mawe?"

"Tunasoma."

"Kusoma gani hakuna kalamu?"

"Kalamu iko njiani, bana. Inatoka Kitale kwa miguu!"

Walicheka wote wawili. Nilicheka pia, nikaona ni mzaha tu.

Jumamosi ya saba sikumkuta nyumbani. Wiki ile soko lilikuwa limehamishiwa Jumamosi na alikuwa ameniambia, nami nikasahau. Nikamfuata.

Sikuwa nimewahi kusimama nyuma ya meza yake. Mimi, kama ndugu yake, hupita, humsalimia, hununua kitu, huondoka. Siku ile nilikaa kwenye kigoda kwa muda wa karibu saa tatu, na nitaeleza nilichoona kwa mpangilio nilivyokiona.

Kwanza, mwanamume alileta maharagwe ya kuuza kwenye gunia lisilojaa. Dada yangu alilishika kwa juu, akaliinua mpaka magotini, akaliteremsha.

"Kilo kumi na moja na nusu. Ikizidi ni kidogo."

"Ati mkono wako ndio mizani?"

"Mkono wangu hautumii betri ikaisha. Ni kumi na moja na nusu."

"Mimi nilipima nyumbani kumi na tatu!"

"Ulipima ukiwa na njaa."

Ndani ya mkoba wangu mna mizani ndogo ya ndoano ambayo hainitoki. Nikaitoa bila kuombwa, nikatundika lile gunia. Mshale ulisimama kwenye kumi na moja na nusu, ukizidi kwa unywele tu. Yule mwanamume alimtazama dada yangu, akanitazama mimi, akasema, "Hawa ni ndugu, hii ni njama," lakini aliuza.

Pili, mwanamke wa meza ya pili alikuwa amenunua gorogoro mpya, ule mkebe ambao sokoni kwetu ndio kipimo cha nafaka, na akampa aitazame. Dada yangu hakuitazama. Aliingiza mkono, akapitisha kidole gumba kwenye kitako, akairudisha. "Imepigwa ndani. Rudisha. Itakula watu kama kiganja kimoja kila mara." Niliijaza maharagwe, nikaipima pamoja na yake. Tofauti ilikuwa kiganja kimoja.

Tatu, mteja aliyeondoka bila gunia lake alikuwa ameacha namba ya simu kwa jirani. Jirani akaitaja kwa sauti, tarakimu kumi, haraka. Dada yangu alikuwa na simu mkononi, akazibonyeza zote huku akiendelea kuongea na mtu mwingine, na simu ikaita.

Nilingoja amalize.

"Dada, unajua tarakimu?"

"Hizi? Si ndizo za simu. Na za noti."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Alikuwa akifunga mdomo wa gunia. "Ulisema tunaanza mwanzo. Nikasema labda mwanzo wa watu waliosoma uko chini kuliko wangu."

Akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeeleza habari ya shamba.

"Unajua mche wa kahawa? Ukikaa kwenye mfuko sana, mzizi unafika chini, unakosa njia, unajikunja. Juu majani ni mazuri, watu wanasifu. Siku unaupanda, huo mzizi umesahau kwenda chini. Mimi hizi wiki, fundi, nimesikia najikunja."

Jioni ile, kwenye chumba ninacholala Bungoma, nilipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika anachojua dada yangu. Uzito, kwa mkono, vizuri kuliko vyombo kadhaa nilivyolipwa kuvitengeneza. Tofauti ya ukubwa na uzito. Anauza maharagwe, mahindi na unga kwa mkebe ule ule. Kulinganisha. Kipimo. Sufuri, kwani mkebe uliopigwa kitako ni sufuri iliyosogezwa. Tarakimu zote kwa kuziona. Upande wa pili niliandika asichojua: vistari vidogo vilivyo kati ya tarakimu kwenye uso wa mizani, na kuandika kwa chaki. Upande ule ulikuwa na mistari miwili. Nilikuwa nimemfundisha Jumamosi sita kila kitu kilichokuwa upande wa kwanza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka maalimu wa yule mzee wa karatasi, aliyeanza kwa kumwambia mtoto asome kile alichokuja nacho.

Jumamosi ya nane nilipaka rangi nyeusi ubao mwembamba, nikachora uso wa mizani kwenye karatasi na mshale wa kadibodi. Vistari vidogo vilichukua dakika ishirini. Kimoja ni nusu kilo. Alivikubali kama mtu anayetambulishwa kwa watoto wa jirani anayemfahamu. Kutoa uzito wa gunia tupu hakukuhitaji somo. Kilichobaki kilikuwa mkono.

Mkono ule umeinua magunia na kulima tangu akiwa mtoto, na haukujua kushika kitu kwa wepesi. Chaki zilivunjika.

"Hii kitu ni biskuti!"

"Usiikamate kama jembe."

"Najua jembe, fundi. Hii sijui."

Nne yake ilikuwa kama kiti kilichopinduliwa. Nane haikukubali kufunga. Kufikia jioni ya Jumamosi ya tisa aliandika tarakimu zote zikasomeka, lakini kila moja ilimchukua muda, na jasho. Nilipima kwa saa yangu. Kati ya gunia na gunia alihitaji karibu mara mbili ya muda ambao wabebaji wa kiwanda humpa mtu.

Jaribio lilifanyika siku ya katikati ya wiki. Nilifunga karakana nikaenda. Magunia yalijazwa mahindi kwa kuwa kahawa ilikuwa bado haijachumwa. Wabebaji wawili walikuwa wakiyatundika na kuyashusha kwa mwendo wao wa kawaida, na mwenyekiti alikataa waambiwe wapunguze. Karani alikuwa akiandika pembeni kwenye karatasi yake ili baadaye ilinganishwe na ubao.

Dereva mstaafu alikuwa wa kwanza. Kumi kati ya kumi, kwa mwandiko wa mtu aliyejaza daftari za safari maisha yake yote.

Dada yangu akasimama. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Alisoma kila uzito kwa sauti na kisha akauandika. Matano ya kwanza yalikwenda vizuri. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Kukhu, andika haraka, kahawa itaota!" Watu wakacheka, kwa kuwa kumwita mtu bibi kwa namna ile ni kumwambia akapumzike nyumbani. Yule jirani wake wa ndoo akamgeukia: "Nyamaza wewe! Jina lako lenyewe huwa unaandikiwa!"

Gunia la sita, chaki ilivunjika. Aliinama kuokota kipande, na alipoinuka gunia lilikuwa limeshuka na la saba limetundikwa. "Thelathini na nne na nusu!" alisema kwa sauti kuhusu lile la sita, lakini hapakuwa na muda wa kuandika yote mawili, akaandika la saba. Kwenye gunia la tisa, nane yake haikufunga. Aliifuta, akaanza upya, na wabebaji hawakungoja.

Ubao ulikuwa na namba nane.

Karani, tumtendee haki, alisema kabla ya kuulizwa kwamba karatasi yake na mdomo wa mama vilikubaliana mara zote kumi. Mwenyekiti alimshukuru. Kisha akasema, "Mama, macho yako hayana shida hata kidogo. Lakini tulisema chaki. Aliye nyuma hasikii, anaona."

Nilitafuta kosa katika kanuni hiyo na sikulipata. Ilikuwa kanuni nzuri, na ilikuwa imewekwa kwa ajili ya watu kama waliomchagua. Dereva mstaafu akachukua msimu.

Tulirudi kwa miguu. Wanawake waliotangulia walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini, na wawili walikuwa wakisema kile ambacho dada yangu alihofia, kwamba sasa wanaume watasema, si tuliwaambia. Karibu na lango lake akasimama.

"Fundi, Jumamosi sita ni chaki ngapi?"

Nilihesabu kweli kichwani. Ni tabia yangu.

"Nyingi," nikasema.

"Sawa."

Mavuno makubwa yote alisimama foleni na kahawa yake kama wengine, akisoma namba za mtu mwingine ubaoni. Alisema zilikuwa sahihi. Wakati huo huo aliandika kila siku, kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, kwa chaki nyuma ya mlango. Sikumpangia. Kila Jumamosi niliyofika nilimuuliza tu, "Nionyeshe ulichonacho," akanionyesha, nikatazama ni wapi mkono unakwama, nikamwambia jambo moja, tukanywa chai. Kwenye daftari nilifuta ile alama ya kuuliza na kuandika mfano, na mfano wenyewe ni huu: mwalimu aliyetayarisha mtu aliyekuwa tayari.

Kwa mavuno madogo mwenyekiti aliitisha jaribio jingine, kwa kuwa dereva alikuwa anaumwa mgongo na hakutaka kuendelea. Dada yangu hakuniambia siku yake. Nilijua tu baada ya kiwanda kuniita kwa kazi: mizani ilikuwa inachelewa kurudi kwenye sufuri, jambo ambalo mwangalizi ndiye aliyeligundua kabla ya karani.

Nilifika upimaji ukiendelea. Ubao ulikuwa umejaa hadi nusu, na katika safu ya tatu palikuwa na kiti kilichopinduliwa, kisha kingine. Nilisimama nikizisoma zile tarakimu za nne kutoka juu hadi chini.

"Fundi," sauti ya dada yangu ikasema nyuma yangu, "toka hapo. Watu wa nyuma hawaoni."